Ulichoweka ku statu, nani amekiona?

Kutoka Kibabi mpaka Walikale, mchimbaji akipata rezo, jambo la kwanza ni kuonyesha kwamba yuko. Picha moja inatosha. Swali ni nani anaiangalia.

Tuseme kijana mmoja, mchimbaji wa Kibabi, amemaliza wiki sita ndani ya shimo bila kupata kitu. Anakula kwa deni. Wiki ya saba kikosi kinagusa mshipa mzuri: wanapandisha mchanga, wanaosha, wanapima, wanagawana. Jumamosi kijana anashuka senta, ananunua moto ya TVS iliyokwisha tumika, anapanda juu yake, mwenzake anamupiga picha. Anaiweka ku statu ya WhatsApp na maneno matatu, « Mungu ni mwema », halafu anarudisha simu mfukoni.

Kwa akili yake, amewaambia marafiki. Lakini WhatsApp haijui rafiki ni nani. Kama hukubadilisha kitu, statu yako inaonwa na kila mtu ambaye umehifadhi namba yake na yeye amehifadhi yako. Na simu ya mchimbaji si kitabu cha marafiki. Ni kitabu cha kazi, cha deni, cha ukoo na cha safari, vyote kwenye ukurasa mmoja.

Tuhesabu. Bibi yake yuko Goma na watoto. Siku ya tano aliambiwa kwamba pesa ya minervali haijapatikana. PDG wa shimo, aliyelisha kikosi wiki zote sita na kununua vifaa, aliambiwa kwamba uzalishaji ulikuwa mdogo. Mama wa duka alitoa unga, maharagi na pile za tochi. Shemeji anangoja ng'ombe wawili waliobaki kwenye mahari. Kuna négociant mmoja ambaye kijana alimuuzia mara moja tu, mwaka jana, naye alihifadhi namba. Na kuna mtu ambaye kijana mwenyewe hamukumbuki tena, ndani ya simu ameandikwa « Moto Karuba ».

Watu sita, picha moja. Bibi haoni moto, anaona uongo. PDG anaona mawe yaliyouzwa pembeni, na labda si kweli. Mama wa duka anaona deni yake ikitembea juu ya magurudumu. Shemeji anahesabu ng'ombe. Négociant anajua kwamba kile kilima kimetoa. Huyu wa sita hatutasema anaona nini. Wenye kusafiri barabara za Masisi wanajua kwamba sura ya mtu mwenye pesa, pamoja na njia anayopitia, ni habari ambayo ina mnunuzi.

Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba nusu ya bei ya moto haijalipwa. Picha haisemi deni.

Jioni simu inaanza kulia. « Niliona moto yako ku statu. Na pesa yangu? » « Papa, ulisema haiko kitu. » Kijana anafuta statu. Amechelewa: mmoja amekwisha kupiga picha ya kioo, mwingine anatumia GBWhatsApp, ile WhatsApp isiyo ya wenyewe ambayo watu wanapeana, ambayo inamuacha mtu ahifadhi statu ya mwingine na asome hata ujumbe uliofutwa. WhatsApp inasema statu inadumu saa 24. Ni kweli kwa WhatsApp. Kwa shemeji inaweza kudumu mpaka mahari iishe.

Lakini kunyamaza nako kuna bei

Hatuandiki haya kwa kumucheka kijana. Mtu aliyekaa wiki saba ndani ya udongo ana haki ya kufurahi mbele ya watu, na furaha isiyoonwa na mtu ni nusu ya furaha. Tena, huku kwetu kuonyesha si majivuno tu. Tangu vita irudi Masisi, jamaa nyingi hazilali chini ya paa moja: baba yuko machimboni, mama na watoto wako Goma ao Minova, bibi mzee ako kwa ndugu pengine. Kwa jamaa kama hiyo, statu ndiyo salamu ya asubuhi. Mama mzee hajui kusoma, lakini mjukuu anamufungulia WhatsApp na kumwambia: « Dada, papa alikuwa en ligne saa mbili ya usiku. » Basi yuko mzima, tunaweza kulala.

Hapo ndipo ugumu. Kijana mwenye deni anataka kuficha « en ligne » na « vu à », wamuache apumue. WhatsApp inaruhusu. Lakini akifunga kwa wote, amemufungia pia mama yake, na mama yake ataanza kupiga simu kwa kila mtu wa Kibabi kuuliza kama mutoto yake angali hai. Tena programu yenyewe ina sheria ya kubadilishana: ukificha saa yako ya mwisho, hautaona ya wengine. Wengi hawajui kwamba kuna njia ya katikati. Ndani ya « Confidentialité » kuna mstari « Mes contacts sauf… », yaani wote isipokuwa wale utakaowachagua. Unaweza kumufungia mwenye deni na kumuachia mama. (Deni, bila shaka, inabaki palepale.)

Mistari hiyohiyo iko kwa statu: « Mes contacts », « Mes contacts sauf… », na « Partager seulement avec… ». Wa tatu ndio tunaupenda zaidi, kwa sababu unakulazimisha kutaja watu mmoja mmoja. Mtu akianza kuchagua majina kumi ya watu watakaoona moto yake, tayari amejiuliza lile swali la kichwa cha habari hii.

Tuseme na hili. Wageni wameandika sana juu ya namna mawe yetu yanavyoingia ndani ya simu. Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa ulieleza mbele ya Baraza la Usalama kwamba Rubaya inatoa zaidi ya asilimia 15 ya tantalum ya dunia, na tantalum ndiyo ile inayotoka kwenye koltani na kutengenezwa vipande vidogo vya kutunza umeme ndani ya simu. Ni sawa waandike. Ila namna simu nayo ilivyoingia Kibabi, ikaingia kitandani, dukani, shimoni na msibani, hiyo habari imeandikwa kidogo sana.

Siri yenye hisa

Watu wanasema siri ya wawili si siri tena. Wachimbaji hawawezi kuishi na methali hiyo. Kikosi cha shimo kinaweza kuwa watu wanane ao kumi na wawili, na wote wanajua shimo limefika wapi, limetoa nini, nani alipakia usiku. Siri yao ni ya wengi, na bado ni siri, kwa sababu kila mmoja anajua kwamba si yake peke yake.

Mtaalamu mmoja wa Marekani, Sandra Petronio, alianza kueleza wazo hilo mwaka 1991, na kitabu chake kilitoka 2002, wakati Facebook ilikuwa haijazaliwa (ilikuja 2004) na WhatsApp haikuwepo (2009). Kwa ufupi anasema: ukimwambia mtu jambo lako, haumupi habari tu, unamufanya mwenye jambo pamoja nawe. Toka hapo wote wawili wanapaswa kupatana: nani mwingine ataambiwa, kiasi gani, na nani haruhusiwi. Wasipopatana, mmoja atatoboa akidhani hajatoboa. Tukisoma maneno hayo tunaona shimo. PDG ana sehemu yake, wachimbaji wana sehemu yao, mwenye shamba ana yake, na hakuna anayeamka asubuhi kuuza shimo zima peke yake.

Sasa turudi kwenye ile picha ya moto. Nyuma ya kijana, ukiivuta karibu, kuna mwanaume ameketi juu ya mfuko. Hakuulizwa. Labda alitoka kijiji chake usiku kwa sababu kuna kikundi cha silaha kilitaka kumuandikisha, na kwao wanasema amekwenda Uganda. Labda aliambia kanisa lake kwamba ameacha kuchimba. Kilima kinachoonekana juu ya kichwa chake kinajulikana na kila mtu aliyezaliwa huku. Haihitaji hata jina la mahali kuandikwa chini. Watu wanaogopa sana ile alama ya mahali inayojificha ndani ya faili ya picha. Kwa kawaida WhatsApp inaiondoa picha ikitumwa kama picha, lakini ikitumwa kama « document » inabaki. Ni vizuri kujua. Ila kilima hakiondolewi.

Siri ya mtu aliye nyuma ya picha ni hisa yake. Kumuuliza kunachukua sekunde tano: « Yaya, nakuweka? »

Msiba unaletwa na mtu

Kuna jambo moja tunaloliweka juu ya mengine yote.

Wakati wa mvua, kilima kilichochimbwa pande zote kinaporomoka. Wote mnajua. Watu wanakimbia na sepeto, wengine wanachimbua na mikono. Na kila mara kuna mmoja ambaye ametoa simu. Maiti haijaoshwa, mkubwa wa kikosi hajajua nani atatumwa kwa jamaa, na tayari sura ya marehemu imepita kwenye vikundi vinne: cha wachimbaji, cha wenye moto, cha kanisa, cha vijana wa senta walioko Goma. Bibi yake yuko sokoni na bilanga mbele yake. Jirani anamunyooshea simu: « Mama, huyu si papa wa batoto? »

Kwetu msiba unaletwa na mtu. Mzee anakuja, anakaa, anaomba maji, anauliza habari za watoto, na wewe umekwisha kuelewa kabla hajafungua kinywa. Kuna mtu wa kukushika unapoanguka. Simu haishiki mtu.

Tena picha hizo zinadanganya. Uso uliofunikwa na matope unafanana na nyuso nyingi. Jina likisha andikwa chini ya picha na mtu asiye na hakika, jamaa moja inaanza kulia mtu aliye hai, na ile nyingine, yenye maiti kweli, inaendelea kupika chakula cha jioni.

Tunajua jibu ambalo litatolewa: bila picha, tutamutambua namna gani? Na bila picha, nani atasadiki kwamba kilima kiliua? Ni maneno ya haki. Machimboni watu wanatoka Masisi, Kalehe, Walikale na mbali zaidi, na wengine wanajulikana kwa jina la utani tu. Lakini kutambua hakuhitaji vikundi vinne. Picha ya kiatu, ya koti, ya kovu la mkono, ikitumwa kwa mtu mmoja wa ukoo ao kwa kiongozi mmoja, inafanya kazi hiyo. Na kwa ushahidi, picha ya kilima inasema zaidi kuliko picha ya uso. Kikosi kinaweza kupatana hilo siku ya kufungua shimo, saa ileile wanapopatana namna ya kugawana: mmoja wetu akibaki ndani, nani atapigia simu kwao, na simu za wengine zikae mfukoni mpaka huyo amalize.

Sauti, bariera na mwenye kuchaji

Watu wengi wamejifunza kuwa waangalifu na picha, halafu wanatuma audio ya dakika nne na kusema yote. Sauti ni uso. Aliyekaa na wewe siku mbili anaitambua, hata kama audio imepita simu hamsini na jina lako limepotea njiani.

Katika eneo ambalo limebadilisha mikono, jambo hilo si mchezo. M23 iliingia Rubaya tarehe 30 Aprili 2024, na Goma mwishoni mwa Januari 2025; kando kuna Wazalendo, kuna jeshi, na bariera ina mwenyewe leo, kesho ina mwingine. Audio iliyokuwa ya kuchekesha upande huu ni kesi upande ule. Na mara nyingi mwenye simu hata hakuisikiliza: aliwekwa kwenye kikundi na mtu asiyemujua, na WhatsApp ikapakua yenyewe kila kitu kilichoingia. Mambo mawili yanasaidia. Ndani ya « Confidentialité », kwenye « Groupes », chagua nani anaweza kukuingiza. Na ndani ya « Stockage et données », zuia simu kupakua picha na video peke yake. Utaokoa na mega zako pia. Kwa wengine hiyo ndiyo sababu itakayowashawishi.

Kuhusu kufuta ulichotuma: WhatsApp inatoa muda wa siku mbili na saa kadhaa kufuta ujumbe kwa wote. Unafuta kwenye simu. Kwenye kichwa cha aliyesoma unabaki.

Halafu kuna mlango ambao watu wanauacha wazi kila siku. Asubuhi mchimbaji anaacha simu kwa mwenye paneli ya jua ao jenereta, anaingia shimoni, anairudilia jioni. Saa nane simu iko mezani pamoja na nyingine thelathini, nyingi bila kode. Wenye kuchaji wengi ni watu wa kweli, tunawashukuru. Lakini inatosha mtu mmoja kushika simu dakika moja ili aunganishe WhatsApp yako na kifaa kingine, na toka siku ile anasoma pamoja nawe hata simu ikiwa mfukoni mwako. Fungua « Appareils connectés » leo jioni uangalie. Ukikuta kifaa usichokijua, kiondoe. (Na usishangae kama kitakuwa cha mtu wa nyumbani. Wivu nao unajua kutumia simu.)

Weka kode ya simu, halafu weka ile nyingine ya « Vérification en deux étapes », ili mtu akiiba kadi SIM yako asiweze kufungua WhatsApp yako kwa simu yake na kuanza kuomba ndugu zako pesa kwa jina lako. Wizi wa namna hiyo unakula vizuri sana kwa jamaa zilizotawanyika. Tangu mabenki yafungwe Goma mwanzoni mwa 2025, pesa ya nyumba inapita zaidi kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, na ujumbe wa « nimepata accident, tuma haraka » hausubiri mtu afikiri. Piga simu kwanza. Usikie sauti.

Juu ya picha za siri kati ya bwana na bibi, tutasema kidogo. Umbali ni mrefu na watu ni watu. Tangu 2021 WhatsApp ina « vue unique », picha inayofunguliwa mara moja tu, lakini simu ya pili inaweza kupiga picha ya kioo cha ile ya kwanza. Simu inaharibika, inapelekwa kwa fundi. Simu inauzwa wakati wa njaa. Picha isiyo na uso, isiyo na kitanda kinachojulikana, haina nguvu kubwa kwa mwenye kutaka kutisha mama wa watu.

Na sheria? Iko. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 31, inasema kila mtu ana haki ya kuheshimiwa maisha yake ya siri, na siri ya barua na ya mawasiliano yake. Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda habari za mtu binafsi, na inaadhibu pia anayeanzisha ao kusambaza habari ya uongo juu ya mtu kwenye mitandao. Kusambaza tu kunatosha, si lazima uwe wewe uliyebuni. Mlango wa kwenda kulalamika ni swali lingine, na kwa msomaji wetu aliye Kibabi leo tunaogopa kumupa jibu la haraka. Kwa sasa kinga iliyo karibu ni ile ya mapatano: kati ya bwana na bibi, kati ya wachimbaji wa shimo moja, kati ya wenye kikundi kimoja cha WhatsApp.

Jambo la mwisho, kwa sababu tunaulizwa juu yake. Mchimbaji akihama, akitoka Kibabi kwenda Walikale kwa mfano, mara nyingi anatupa kadi SIM na kununua nyingine. Lakini WhatsApp ya namba ya zamani inaendelea kuwepo: kwa kawaida akaunti isiyotumiwa inafutwa kisha siku 120 tu. Siku hizo zote jina lake linabaki ndani ya vikundi, picha yake inaonekana, na watu wanamwandikia mambo ya shimo wakidhani anasoma. Na namba isiyotumika, kampuni inaweza kuiuza tena kwa mtu mwingine. Kabla ya kutoa kadi, fungua « Compte », halafu « Changer de numéro »: vikundi vyako vitakufuata kwenye namba mpya. Ama toka ndani ya vikundi kimoja kimoja, uage kama mtu anavyoaga nyumbani, halafu ndipo utoe kadi.